Uliza Ujibiwe: Lenzi ya anamofiki mbele ya projekta ya nyumbani

SWALI: Assalaam aleikum. Nakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya mawe. Chumba nilichokitenga kwa filamu kina upana wa mita 2.6 na urefu wa karibu mita 6. Projekta yangu ni ya 1080p. Filamu nyingi huja na mikanda myeusi juu na chini, na nimeambiwa lenzi ya anamofiki huiondoa. Je, ni kweli, na chumba hiki kitafaa?

JIBU: Wa aleikum salaam. Ni kweli, na chumba chako kinafaa kuliko vyumba vingi vya fleti mpya. Vyumba vya nyumba za mawe vilifuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Lenzi hii inapenda umbali.

Ijue kazi yake kwanza. Chipu ya projekta ina umbo la 16:9, yaani upana ni mara 1.78 ya kimo. Filamu pana huwa 2.35 hadi 2.40. Kwenye pikseli 1920 kwa 1080, filamu ya 2.40 hutumia mistari 800 tu. 280 iliyobaki ni giza, na mwanga wake unapotea bure. Lenzi peke yake haiondoi giza hilo. Projekta ndiyo huivuta picha kwenda juu hadi ijaze mistari yote 1080, watu wakawa warefu na wembamba, kisha lenzi inaitanua kwa upande mara 1.33 na nyuso zinarudi sawa. Matokeo ni 2.37. Tofauti ndogo na 2.35 au 2.40 humezwa na fremu ya skrini.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, ingia kwenye menyu ya projekta utafute hali ya kuivuta picha wima. Mara nyingi imeandikwa Anamorphic au V-Stretch. Kama haipo, kazi hiyo itabidi ifanywe na kompyuta au kichezeshi chenye uwezo huo, la sivyo lenzi itakupa watu wanene na mikanda myeusi ile ile.

Sasa vipimo. Ukiacha sentimita 10 kila upande, skrini yako itakuwa na upana wa mita 2.40 na kimo cha mita 1.01. Picha ya 16:9 yenye kimo hicho ina upana wa mita 1.80, na hii 1.80 ndiyo ya kupigia hesabu ya umbali, wala si 2.40. Hapo ndipo wengi hukosea. Uwiano wa umbali (umbali wa projekta ukigawanywa kwa upana wa picha) ukiwa 2.0, projekta inakaa mita 3.60 kutoka ukutani, ukiwa 2.4, mita 4.32. Vyote vinaingia kwenye mita 6 zako na nafasi ya viti inabaki. Tumia upande wa zumu unaotoa picha ndogo, kwa sababu mwale mwembamba unapita katikati ya kioo na kingo za juu na chini hazibonyei sana kuelekea katikati. Kama uwiano wa umbali wa projekta yako unaishia 1.6, mpindo utauona waziwazi. Chini ya hapo, pesa yako itunze.

Mpindo mdogo hufichwa kwa kuiacha picha ivuke sentimita 1 au 2 juu ya fremu iliyovikwa mahameli nyeusi. Skrini iliyopinda huumaliza, lakini ni kazi ya fundi mzuri na gharama yake si ndogo.

Usiifunge lenzi ukutani. Lipu ya chokaa humong'onyoka, skrubu hulegea, na lenzi ikizunguka kidogo tu picha nzima inakaa mshazari. Mpe fundi wa kuchomea vyuma akutengenezee stendi moja ya projekta na lenzi pamoja, yenye miguu ya kurekebisha.

SWALI: Nimeshafunga lenzi, lakini mistari ya wima ina ukungu na ile ya mlalo imekaa vizuri. Tena maandishi meupe yana kivuli chake pembeni. Projekta ni mbovu? (Bamburi)

JIBU: Projekta ni nzima, ndugu yetu. Lenzi hii inafanya kazi kwa upande mmoja tu, ndiyo sababu kosa lake linaonekana kwenye mistari ya wima pekee.

Anza upya. Toa lenzi. Zima kistoni (marekebisho ya picha iliyokaa mshazari) kabisa, na projekta iwe mraba na skrini. Weka picha ya miraba ya majaribio, kaza fokasi ya projekta hadi pikseli za katikati zionekane moja moja. Rudisha lenzi karibu na projekta, sentimita 1 hivi bila kugusana, na uizungushe hadi mstari wa mlalo wa katikati ulale sawa. Ulinganishe mpindo wa kushoto na wa kulia. Usipolingana, geuza uso wa lenzi upande polepole. Baada ya hapo ndipo ushike fokasi ya lenzi yenyewe na kukaza mistari ya wima, bila kuigusa tena ile ya projekta.

Kama lenzi yako ni ya prizimu, yaani vipande viwili vya kioo cha pembetatu, huenda haina fokasi. Hizo huhitaji kioo cha kusahihisha kinacholingana na umbali wako. Ukikikosa, sogeza projekta nyuma. Umbali ukiongezeka, kasoro inapungua. Kivuli cha maandishi ni mwanga unaorudi kati ya nyuso za vioo. Inamisha lenzi kidogo hadi kivuli kitoke kwenye maandishi.

SWALI: Nimepata lenzi ya zamani iliyotoka jumba la sinema. Itafaa? (Kisauni)

JIBU: Hapana. Tangu CinemaScope, mfumo wa sinema pana, ilipoanza mwaka 1953, lenzi hizo hutanua mara 2, kwa sababu picha ilibanwa mara 2 kwenye ukanda wa filamu. Kwa projekta ya 16:9 utapata 3.56. Zile ndogo za kubana kwenye simu ni 1.33 kweli, lakini tundu lake ni dogo na litakata pembe za picha.

SWALI: Mpira na vipindi vya kawaida je? Na maandishi ya tafsiri? (Nyali)

JIBU: Mpira ni 16:9. Iondoe lenzi mbele ya mwale kwa kuiweka kwenye reli ya kuteleza, au iache na uchague hali ya kubana picha kwa upande. Hapo utatumia pikseli 1440 kati ya 1920, na kwa mpira inavumilika. Maandishi yaliyo ndani ya mkanda wa chini hukatwa, kwa hiyo tafuta kichezeshi kinachoweza kuyapandisha.

Kama projekta yako ina zumu inayoikuza picha mara 1.35 au zaidi, dada, jaribu kwanza kukuza picha hadi mikanda imwagike nje ya skrini. Ukilinganisha na picha ya 16:9 ya kimo kile kile, mng'ao hushuka hadi asilimia 56, ilhali kwa lenzi ni 75 kabla ya kioo kula chake. Kwa projekta ya 4K na chumba cheusi, zumu inanitosha mimi.

SWALI: Lenzi imeota nyuzi nyeupe kama buibui. Nifute na nini? (Likoni)

JIBU: Hiyo ni kuvu, na ikiwa iko ndani kati ya vioo, kitambaa hakiifikii, mpelekee fundi wa kamera mapema, kwa kuwa kuvu hula koti la kioo na alama haiondoki. Iliyo juu, puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mkono, kwani lina chumvi na hukwaruza, kisha kitambaa cha maikrofaiba chenye matone ya isopropanoli (aina ya spiriti). Upindo wa leso na dawa ya madirisha yenye amonia viweke mbali.

Usipoitumia, iweke kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipima unyevu, kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni. Na chumba chenye kiyoyozi kikishapoa, usifungue dirisha lenzi ikiwa wazi, kwa maana kioo baridi hutoka jasho papo hapo, ifunike kwanza.