Wimbo unapigwa, mtunzi halipwi

SWALI: Habari za kazi, dada. Nilitunga mashairi na melodi ya wimbo ulioimbwa na rafiki yangu. Redioni unapigwa, kwenye simu watu wanausikiliza. Yeye analipwa na msambazaji wake wa mtandaoni, mimi sijaona hata senti. Nikimuuliza, anasema kompyuta ndiyo inayogawa. Hiyo kompyuta inamjuaje yeye na mimi isinijue? — Mtunzi, Tanga

JIBU: Pole sana, kaka yangu. Huenda rafiki yako hajakudhulumu. Anazolipwa ni fedha za rekodi, yaani sauti iliyoingizwa studio. Fedha za mashairi na melodi hupita njia nyingine, kwenye vyama vya kukusanya mirabaha, na huko kama hujasajiliwa hakuna anayekutafuta.

Kazi yangu ni kupitia mistari ya ripoti za malipo ambayo programu ya kompyuta imeshindwa kuioanisha na wenyewe, yaani watunzi wanaostahili kulipwa. Kila rekodi ina namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12. Utunzi wenyewe una namba yake, ISWC, inayoanza na T. Mtunzi naye hupata namba ya IPI akijiunga na chama. Ripoti ya jukwaa la muziki hutuletea ISRC, jina la wimbo, la msanii, urefu wa wimbo na mara ulizosikilizwa. Mtunzi mara nyingi hatajwi kabisa. Programu inatakiwa itoke kwenye ISRC iende ISWC, ndipo ikufikie wewe. Kama hakuna aliyeziunganisha namba hizo mbili, inabaki kubahatisha kwa majina.

Na majina yetu ni mtihani! Mtu mmoja studio ameandikwa Mohamedi, kwenye jukwaa Mohammed, kwenye fomu ya chama Mudi. Programu huanza kwa kugeuza herufi zote ziwe ndogo, inafuta nukta, inaondoa “ft.” na “Official Audio”, kisha inahesabu herufi za kubadilisha ili jina moja liwe lingine. Mohamedi hadi Mohammed ni hatua mbili: toa i, ongeza m. Hiyo inavumilika, hasa wimbo ukiwa wa dakika 3:42 huku na 3:41 kule. Mudi hapiti. Na kama wimbo unaitwa “Nakupenda”, jina peke yake halisaidii kitu, maana nyimbo za jina hilo ni tele. Programu hutoa alama za kufanana: zikitosha, mtu analipwa. Zisipotosha, mstari unakuja mezani kwangu. Tunaanza na yenye fedha nyingi, na hilo huniuma, kwa kuwa midogo midogo ndiyo ya watunzi kama wewe.

Redioni nako zipo programu zinazosikiliza matangazo na kutambua wimbo kwa sauti yake. Lakini zinatambua rekodi tu, aliyetunga hazimjui.

Tatizo si la Tanga peke yake. Marekani walitunga sheria mwaka 2018 iliyozaa chombo cha kukusanya mirabaha ya watunzi kiitwacho MLC, na Februari 2021 majukwaa yalikikabidhi takriban dola milioni 424 zilizokuwa hazijaoanishwa na wenyewe.

Sasa wewe fanya hivi. Kaa na rafiki yako na prodyuza, mwandike nani ana asilimia ngapi ya utunzi, jumla iwe 100 kamili, mtie sahihi. Msipuuze hili: wewe ukidai 100 na mwenzako akidai 50, mfumo unazuia malipo mpaka mpatane, na nimeona marafiki wakikosana kwa hilo. Jiunge na chama upate IPI. Sajili wimbo kwa jina la kitambulisho chako, na majina mengine unayotumia yaandikwe kama majina mbadala. ISRC rafiki yako anaiona kwenye akaunti yake ya msambazaji. Iandike kwenye fomu yako ya usajili. Kama aliwahi kuhama msambazaji, huenda wimbo una ISRC mbili, basi peleka zote. Hifadhidata ya MLC iko wazi kwa kila mtu: tafuta jina la wimbo uone nani ameandikwa mtunzi.

Usikawie, kaka. Fedha zisizo na mwenyewe huwekwa kwa muda maalumu, kisha hugawiwa wengine. Siku unayopeleka fomu, uliza chama chako kinakubali madai ya kurudi nyuma hadi mwaka gani.