Mama yako anasema anapigwa, nawe unaniuliza kuhusu mkeo

Hujambo Shangazi. Nina miaka 46, nina mke na watoto wawili, tunaishi Kahawa West. Mama yangu ana miaka 79 na amekuwa na ugonjwa wa kusahau tangu 2020. Mwaka jana tuliamua kumpeleka kwenye makao ya wazee nje kidogo ya jiji kwa sababu mke wangu alishindwa kukaa naye. Nalipa elfu 45 kila mwezi na sijawahi kuchelewa. Sasa mke wangu ameanza vituko. Kila Jumatano huenda kumwona mama, na kila akirudi ana maneno: mara mama ana alama nyeusi nyuma ya sikio, mara ana alama za vidole mkononi, mara amekonda. Matroni alinieleza kwa simu kwamba mama alianguka bafuni. Mke wangu hataki kusikia. Anasema mama amemwambia kuna mhudumu mwenye kucha nyekundu anayempiga usiku. Lakini Shangazi, mama huyu huyu husema baba ametoka kwenda kununua mafuta ya taa, na baba tulimzika 2009. Wiki iliyopita mke wangu alinifokea mbele ya watoto kwamba mimi si mwanamume. Dada yangu aliye Marekani anasema mke wangu ndiye aliyemtoa mama nyumbani, sasa anajifanya mwema. Nifanyeje na mke asiyeniheshimu?
Baba Wawili, Kahawa West

Pole, mwanangu. Mzazi aliyekulea akikutazama asikujue ni uchungu mkubwa, na sitaubeza. Pole hiyo ichukue, maana sina nyingine ya kukupa leo. Zilizobaki ni za mama yako na za mkeo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, nisilipate: “niliona”. Mkeo aliona sikio. Mkeo aliona mkono. Mkeo aliona mama amekonda. Matroni alikueleza kwa simu, na dadako anatoa hukumu akiwa ng'ambo ya bahari. Wewe ulichokiona kwa macho yako ni ujumbe wa M-Pesa kwamba pesa zimefika. Mara ya mwisho kumshika mama mkono ilikuwa lini? Hukuandika, na mtu aliyekwenda Jumapili iliyopita angeandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu hilo la mkeo “kushindwa”. Mama aliugua 2020, akapelekwa makao mwaka jana. Hapo katikati kuna miaka, na wewe umeiruka kama mtu anavyoruka mtaro. Nani alikuwa akiamka saa nane za usiku mama akishika mlango, anataka kwenda kwao? Nani alikuwa akifua shuka kabla watoto hawajaamka? Ungekuwa wewe ungeniandikia, maana watu hawasahau kutaja kazi ya namna hiyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Na mwanamke aliyetaka kumtupa mama mkwe hapandi matatu kila Jumatano kwenda kumkagua nyuma ya masikio.

Sasa tuje kwa mama, ambaye ndiye mwenye barua hii.

Unasema haaminiki kwa sababu anamsubiri marehemu arudi na mafuta ya taa. Fikiri kidogo. Mafuta ya taa yanatoka kwenye kumbukumbu za zamani, za nyumba yenu ya kijijini wakati wewe ungali mdogo. Kucha nyekundu zinatoka wapi? Ugonjwa huu hula kumbukumbu za karibuni kwanza na kumwachia mtu zile za kale, lakini mtu akiumizwa, tukio laweza kufutika na hofu yake ikabaki. Kuna utafiti wa California uliochapishwa 2009, uliowahusu wazee waliothibitishwa kupigwa. Tisa kati ya kumi waliweza kueleza jinsi walivyopata zile alama, na miongoni mwao walikuwamo wengi wenye shida ya kumbukumbu. Kwa hiyo mzee anayesahau leo ni siku gani anaweza kabisa kujua ni mkono gani uliompiga. Akikwambia, usimpime kwa tarehe.

Na alama zenyewe nazo zina lugha. Ngozi ya mzee ni nyembamba, huvilia damu kwa jambo dogo, hasa mgongoni mwa kiganja na kwenye mkono chini ya kiwiko. Akigonga meza utaona doa la zambarau, na anayetumia aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, huvilia zaidi. Hayo si ushahidi wa kipigo. Lakini watafiti hao wa California, miaka minne kabla, waliwafuatilia wazee 101 wasiopigwa na mtu, wakakuta karibu asilimia 90 ya alama za kujigonga ziko mikononi na miguuni. Shingoni, masikioni, makalioni na kwenye nyayo hawakupata hata moja. Mkeo alikwambia nyuma ya sikio. Mtu anayeteleza bafuni huangukia nyonga, kiwiko, kipaji cha uso. Sikio huja vipi? Na alama za vidole kwenye mkono hazitokani na sakafu. Sakafu haina vidole.

Mimi nilijifunza haya kwa njia mbaya. Mama mkwe wangu alikaa kwenye makao fulani miezi mitano tulipokuwa tunahangaika na maradhi mengine nyumbani. Siku moja nilikuwa nimeketi naye kwenye kiti cha plastiki nje, jua limetoka, leso yake ya kichwani imeteleza. Nikainua mkono niirudishe. Yule mama alifunga macho, akaweka viganja vyote viwili usoni, akasema taratibu, “Nimemaliza chakula, nimemaliza.” Sikuhitaji daktari wala matroni kunieleza kitu. Tulimfunua mabega, tukakuta. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na mstari uliozunguka pande zote, kama alama ya saa iliyobana, na mama huyo hakuwahi kuvaa saa maishani mwake. Alikuwa akifungwa kitandani usiku. Ni miaka mingi sasa, na hadi leo siwezi kuinua mkono haraka mbele ya mtu mzee.

Ndiyo maana nakuuliza: mama hujikunyata mhudumu fulani akiingia chumbani? Hunyamaza? Analala mchana kutwa kama aliyepewa dawa asizoandikiwa? Kila ukipiga simu, maelezo ya kuanguka ni yale yale au yanabadilika? Wanamruhusu mkeo akae na mama peke yao, au kuna mtu anasimama mlangoni? Hujui. Mkeo anajua. Muulize leo, na akijibu usimkatize.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hamlisemi. Wewe ni mtoto wa kiume, humvui mama yako nguo, mila hairuhusu, na sikulaumu. Lakini basi kubali kwamba mwilini mwa mama yako huna macho mengine ila ya mkeo. Ukimwita mzushi, umejipofusha mwenyewe. Hapa ndipo ndoa nyingi za siku hizi zinaponiudhi. Mwanamume anahesabu kwamba akilipa amemaliza: amelipa karo, amelipa kodi, amelipa makao ya wazee, sasa anadai heshima kama mtu anayedai chenji. Mama ni wako, lakini kumwogesha ni kwa mkeo, kumpeleka kliniki ni kwa mkeo, kumwazia usiku ni kwa mkeo, na siku mambo yakiharibika lawama pia ni ya mkeo. Dada aliye mbali anatupa neno moja kwenye simu na nyumba inawaka moto. Wapo wake wanaowatesa mama wakwe zao, nimewahi kuwajibu hapa na sikuwabembeleza. Huyu si mmoja wao. Mgala muue na haki mpe, na wewe hata haki hiyo hujampa. Alipokufokea mbele ya watoto alikosea mahali, hakukosea neno. Yaishe.

Nenda wewe na mkeo kesho bila kupiga simu, na msisubiri siku ya wageni. Nendeni jioni wakati wa chakula au alfajiri, saa ambazo hakuna aliyejiandaa kupokea mtu. Mkeo amwogeshe mama kwa maji ya vuguvugu, polepole, amtazame nyuma ya masikio, kwapani, mgongoni, mapajani, nyayoni, kwenye vifundo vya mikono. Kila alama aipige picha huku ameweka sarafu ya shilingi 20 kando yake ili ukubwa uonekane. Msibishane kuhusu rangi, kwamba hii ni ya juzi na ile ya mwezi jana. Rangi haitaji siku, hata daktari hawezi kuapa nayo. Wewe wakati huo kaa na matroni umwombe kitabu cha zamu. Mama alianguka tarehe gani? Nani alikuwa kazini? Daktari gani alimwona? Kwa nini hukupigiwa siku ile ile? Ukiona kitabu kinatafutwa na hakipatikani, umeshapata jibu lako.

Kwa mama, usimtie maneno mdomoni. Usimwambie, “Ni yule wa kucha nyekundu, sivyo?” Muulize tu, “Mama, hapa paliumiaje?” kisha usubiri. Atakachosema kiandike kama alivyokisema, na tarehe.

Nakusihi usimvamie yule mhudumu. Ukifoka kisha ukaondoka bila mama, hasira zako atazilipa yeye usiku. Ondokeni naye. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Kenyatta, Mama Lucy au iliyo karibu, na daktari aandike kila alama iko wapi na ina ukubwa gani, akague mifupa na aangalie dawa anazomeza. Kisha kituo cha polisi: ripoti iandikwe upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, ijazwe. Kumpiga mtu na kumuumiza mwili ni kosa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungo chake hadi miaka mitano, na umri wa aliyepigwa haupunguzi kitu. Katiba nayo, kifungu cha 57, inampa kila aliyefika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na inaitaja familia pamoja na serikali kuwa wenye wajibu wa kumtunza. Mkimkuta yuko hatarini papo hapo, pigeni 999 au 112. Peleka habari pia kwa ofisi ya Maendeleo ya Jamii, na zitafute familia za wazee wengine wa pale. Mkono unaompiga mama yako usiku hauishii kitanda kimoja.

Najua wahudumu wengi wa makao haya wanalipwa kidogo na kuachiwa wazee wengi peke yao usiku kucha, na wapo wanaofanya kazi ile kwa upendo ambao watoto wa kuzaa hawana. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika makao kama hayo, wafanyakazi wawili kati ya watatu wamekiri wenyewe kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja, matusi na kupuuza vikiwemo. Wamekiri wenyewe. Na wewe unamtilia shaka mkeo.

Mama hatarudi kule, na hatarudi nyumbani ili awe kazi ya mkeo tena. Omba likizo uliyo nayo kazini. Usiku ni zamu yako, wiki mbili za kwanza zote, ujue saa nane ilivyo ndefu. Dadako mwenye uchungu mwingi kwa simu amlipe msaidizi wa mchana, na mkeo ndiye atakayemchagua, maana anajua cha kutazama. Watoto wako walale chumba kimoja. Mama apewe chumba kilicho karibu na choo, na taa ya kwenye korido iachwe ikiwaka, ili akiamka aone ni nani anayeingia.