Maswali na majibu: Kuiona nia kabla haijawa tendo

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa nia, jambo ambalo Buddha alilipa uzito kiasi cha kusema kwamba nia ndiyo karma yenyewe, yaani tendo linalomzalia mtu matunda. Nimechagua matano.

Kwenye kundi letu la WhatsApp tunachangiana harusi na misiba. Nikishatuma pesa najikuta nangoja nione jina langu kwenye orodha. Je, mchango wa namna hiyo una faida yoyote kwangu? (Mama wa Morogoro)

Mama, pesa imefika na shughuli itafanyika, hilo halifutiki. Na umeshaona kitu ambacho wengi wetu hukikwepa: ndani ya tendo moja mna nia mbili tatu zinasukumana.

Buddha alimfundisha mwanawe Rahula jambo hili akiwa bado mtoto. Mapokeo yanasema alikuwa na miaka 7. Alimuuliza kioo ni cha kazi gani. Rahula akajibu, cha kujitazama. Basi, akaambiwa, jitazame vivyo hivyo kabla ya kutenda, wakati unatenda, na baada ya kutenda: je, hili litaniumiza mimi au mwenzangu? Kipimo ni hicho hicho kwa mwili, kwa maneno na kwa mawazo.

Tuseme orodha imeletwa. Macho yanatafuta jina kabla hujayaamuru. Unajikuta wa kumi na nne, chini ya jirani aliyetoa elfu hamsini, na kifua kinabana kidogo. Hapo hapo ndipo pa kutazama. Huna haja ya kujilaani wala kujitetea. Tambua tu kwamba hiki ni kutaka kuonekana. Kisha kumbuka nia nyingine iliyokuwepo, ile ya kumfikiria mfiwa, maana nayo ni ya kweli. Siku nyingine tuma, halafu zima simu mpaka jioni, uone ni ipi kati ya hizo mbili itakayobaki. Ila usiache kuchangia eti mpaka nia isafike kwanza. Utangoja hadi kiama.

Naambiwa nimtakie heri bosi wangu anayenionea. Nikikaa kutafakari natamka maneno mazuri, moyoni nachemka. Si unafiki huo? (Msomaji, Nairobi)

Umeanzia pagumu, na sidhani kosa ni lako. Mafundisho haya mara nyingi hutolewa nusu. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alikataza kabisa kuanza na adui. Anza na nafsi yako. Kisha mtu unayemheshimu na aliyekutendea mema, mfano mwalimu. Baadaye mtu wa kawaida, kama kondakta unayemwona kila siku bila kumjua jina. Mwenye uadui na wewe huja mwisho, na hasira ikipanda unarudi kwa wale wa mwanzo bila aibu.

Kuhusu unafiki: mnafiki huficha hasira yake ili adanganye. Wewe unaiona na kuikiri. Na kumtakia mtu heri hakukulazimishi kukubali uonevu. Kama kuna malalamiko ya kupeleka, yapeleke, ila kwanza angalia unayapeleka ili haki itendeke au ili umwone anadhalilika. Barua inaweza kuwa ile ile. Kitakachotofautiana ni kile utakachobaki nacho moyoni.

Sisi Waislamu tunafundishwa kwamba matendo huzingatiwa kwa nia. Basi Buddha alisema kitu kile kile? (Msomaji, Unguja)

Yako karibu, lakini siyo yale yale. Katika hadithi hiyo ya Mtume, nia huelekezwa kwa Mwenyezi Mungu na malipo yako kwake. Buddha hakuweka hakimu. Kwa maelezo yake, kile mtu anachokifikiria mara kwa mara ndiko moyo wake unakoelemea, na mwelekeo huo wenyewe ndio unaozaa matunda. Kuna mtu anayeweza kujifunza utazamaji huu akabaki na dini yake. Nisingependa kukuambia kwamba imani hizi mbili hazina tofauti.

Nimejaribu kukagua kila wazo. Baada ya siku chache nilikuwa hoi, na usingizi umekata. (Kijana, Mwanza)

Pumzika, kijana wangu. Buddha mwenyewe aliyasema haya akisimulia siku zake kabla ya kuamka kiroho na kuwa Buddha: aliyagawa mawazo yake mafungu mawili, upande mmoja tamaa, chuki na ukatili, upande wa pili kuachilia, kutakia heri na kutodhuru. Kisha akaongeza neno ambalo walimu wengi hulisahau: hata mawazo mema, ukiyafikiria mchana kutwa na usiku kucha, yanachosha mwili, na mwili ukichoka moyo nao huvurugika. Basi akautuliza.

Alitoa mfano wa mchungaji. Mazao yakiwa yamejaa shambani, mchungaji huwazuia ng'ombe kwa fimbo, asije akapata kesi. Yakishavunwa, anakaa chini ya mti, inatosha kujua kwamba ng'ombe wapo. Wewe umeshika fimbo hata baada ya mavuno. Ikunjue mikono. Ukali wa kujikagua uweke kwa wakati ambapo kuna kitu cha kuharibika, kama ukiwa katikati ya ugomvi. Na usingizi ukiendelea kukatika, mwone daktari.

Nikikanyaga sisimizi bila kujua, nimeua? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hapana. Kuna kisa cha Chakkhupala, mtawa mzee kipofu aliyekanyaga wadudu akitembea baada ya mvua. Wenzake wakamshitaki. Buddha akawauliza kama walimwona akiwaua. Hawakumwona. Akasema, vivyo hivyo naye hakuwaona wadudu.

Mwanafunzi huyu anauliza pia aanzie wapi. Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Burma, aliwazoesha wanafunzi wake kutembea polepole, na wakifika mwisho wa njia wasimame. Kabla ya mguu kugeuka, kuna kutaka kugeuka. Wautambue msukumo huo. Fanya hivyo dakika kumi barazani, kisha jaribu kukitambua kile kinachokuja kabla mkono haujaifuata simu. Ukizoea hapo, jibu jumbe zako za kawaida kwa mtindo huo huo. Ujumbe wa hasira usiutafute, utakuja wenyewe.