Milima ya mbali kufifia kwenye lenzi ya zamani

Ndugu, umesema picha zako za safari ulizopiga kwa Helios 44-2, lenzi ya zamani ya Kisovieti, zinaonyesha milima iliyofifia, ingawa umezungusha pete ya fokasi hadi mwisho. Tatizo ni hapo hapo: adapta nyingi (pete za kuunganisha lenzi ya zamani na kamera ya kisasa) ni fupi kidogo, kwa hiyo ukifika mwisho umeshapitiliza fokasi ya milima ya mbali. Kuza picha kwenye skrini, lenga ukingo wa mlima, zungusha taratibu mpaka mstari wake uonekane mkali, kisha weka f/8 (f ni kipimo cha uwazi wa lenzi). Jua likiwa mbele, kinga lenzi kwa mkono. Tofauti utaiona papo hapo.

Ukishiriki picha, andika lenzi na f uliyotumia, maana kwa lenzi kama hii kamera haizirekodi.

Picha zikiendelea kufifia, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni fangasi. Usifungue, mpelekee fundi.