Presha unayopima ukitoka sauna isikufanye uache vidonge

Mkuu, hapana. Hayo ya bei ya gym uliyouliza humu jukwaani yasubiri kidogo. Rudi kwenye ule mstari wako wa katikati: kocha kakwambia ukiingia sauna, kile chumba cha joto kali cha kutoa jasho, kila wiki presha itakaa sawa, na tangu Jumapili hujameza vidonge kwa sababu ukipima palepale gym unasoma 118 kwa 76. Umeuandika kama jambo la kupita tu, na wachangiaji wameuruka wanakushauri habari za jakuzi. Mimi nimeusoma nikasimamisha cherehani.

Unapima saa ngapi? Naamini ni hivi: unatoka sauna, unajimwagia maji, unakaa kwenye benchi, kocha anakufunga mashine mkononi. Namba inatoka nzuri, mnagonga tano. Hiyo si presha yako, mkuu. Ni presha ya mtu aliyetoka kwenye joto.

Mle ndani kuna nyuzi 80 hivi, pengine zaidi. Mwili unahangaika kujipoza, kwa hiyo mishipa ya kwenye ngozi inatanuka, damu nyingi inakwenda huko, na jasho linakupunguzia maji. Moyo unakimbia hata kama umekaa tu. Ukitoka, mishipa bado imetanuka, kwa hiyo namba inashuka. Watafiti wa Ufini walishawapima watu 102 kabla na baada ya nusu saa ya sauna, matokeo yakatoka mwaka 2018: kwa wastani ile ya juu ilitoka 137 ikawa 130, ya chini ikatoka 82 ikawa 75. Nusu saa baadaye ya juu ilikuwa bado iko chini. Sasa wewe unapimwa katika dakika hizohizo. Ni sawa na kumpima mteja kiuno akiwa amevuta tumbo ndani, halafu ukakata suruali kwa kipimo hicho.

Nakwambia kwa sababu mimi niliikata hiyo suruali.

Nilikuwa kwenye amlodipini, dawa ya presha, pamoja na kidonge cha kukojoza. Vyote viwili vilinichosha. Miguu inavimba jioni, na ukiwa na mteja wa suti mbele yako huwezi kumwacha na pini mabegani kila mara ukakimbilia chooni. Kwa hiyo kocha wetu aliponiambia, "Mzee, hivyo vidonge vinakula figo, jasho ndilo linalotoa sumu," alikuta sikio lililokuwa linasubiri kusikia hayo. Akanionyesha kwenye simu habari za utafiti wa sauna wa Ufini. Akaniambia nisinywe maji nikiwa ndani, eti maji yanarudisha kilo. Mkuu, lita moja ya jasho ni kilo moja ya maji, mafuta hayajaguswa! Lakini hilo la kilo lisikupotezee muda, maana halikuwa ndilo lililoniumiza.

Nilianza kuacha kile cha kukojoza. Hesabu yangu ilikuwa kwamba maji yatatoka kwa jasho. Namba za gym zikabaki nzuri, nikaacha na amlodipini. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, mbona vidonge havipungui kwenye pakiti?" Nikamjibu kwamba presha imekwisha, mashine ya gym imesema. Ya nyumbani ilikuwa kabatini, na sikuitoa hata siku moja asubuhi.

Kichwa kikaanza kuuma kisogoni nikiamka. Nikalaumu feni. Nikalaumu mto. Kumbe presha ilikuwa inapanda usiku na mchana, inashuka nikiwa kwenye lile benchi tu, na hapo ndipo tulipokuwa tunaipima.

Nilikuwa dukani nakata kitambaa cha koti, mkasi ukaniponyoka mkono wa kulia. Nikauokota, ukaponyoka tena. Kijana ninayemfundisha kazi akanitazama akasema, "Mzee, mdomo umekwenda upande." Hospitali walikuta 214 kwa 122. Picha ya CT ya kichwa ikaonyesha kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, ndio unaoendesha mkono wangu wa kulia. Daktari aliuliza swali ambalo kule gym hakuna aliyewahi kuniuliza: "Nyumbani asubuhi ulikuwa unasoma ngapi?"

Bima ilifika mahali ikakomea. Mazoezi ya viungo nililipa mwenyewe, na kiwanja cha Chanika kikauzwa kwa bei ya mtu mwenye shida. Mdomo ulinyooka. Kutembea natembea vizuri. Lakini vitundu vya vifungo vya koti, kazi niliyokuwa naifanya huku naongea na mteja, sasa anafanya yule kijana. Vidole havishiki sindano kama zamani. Hilo ndilo lililonigharimu kuliko kiwanja, na hakuna dalali wa kunirudishia.

Mke wangu alipompigia simu kocha, alijibiwa kwamba sauna haina madhara, labda nilikuwa na presha kali. Labda! Niliandika kwenye fomu yake siku ya kwanza kwamba nina presha na natumia dawa. Yule bwana hakuwahi kunipima kabla ya sauna, wala hakuwahi kusema neno "daktari". Baadaye nikaja kujua analipwa kamisheni kwa kila anayelipia mwaka mzima pamoja na sauna. Kufundisha kunyanyua vyuma ni kazi ya heshima, afundishe. Dawa ya mtu mwingine aiache. Mtu anayekutoa kwenye vidonge anapaswa kuwa mtu atakayekuwepo presha ikirudi, na huyo hakuwepo.

Mwenzetu aliyesema hapo juu kwamba haya ndiyo malipo ya kuiga mambo ya kizungu, aende Mji Mkongwe wa Zanzibar akatazame bafu za Hamamni alizojenga Sultani Barghash karne ya 19. Watu wetu wanalijua joto zamani. Na wale watakaokuja kuniambia nimekuwa mzee mwoga, karibuni dukani, nina miaka 51 na ugali wa watu kumi bado nasonga mwenyewe.

Nami siikatai sauna. Zile habari za Ufini ni za kweli. Utafiti mmoja uliotoka 2015 uliwafuatilia wanaume 2,315 wa mashariki ya nchi hiyo kwa miaka kama 20, na kati ya waliokuwa wakiingia mara 4 hadi 7 kwa wiki, waliokufa kwa magonjwa ya moyo walikuwa wachache kuliko kati ya walioingia mara moja. Mwaka 2017 ukatoka mwingine wa presha kutoka kundi hilohilo, nao ulielekea hukohuko. Kijana wangu alinisomea nikiwa kitandani. Lakini hawa ni watu waliokulia na sauna nyumbani, na anayeweza kuingia karibu kila siku pengine tayari ana afya na nafasi kuliko mwenzake. Halafu ule wa presha uliwachukua watu ambao mwanzoni hawakuwa na presha ya kupanda. Wewe unayo tayari. Hakuna mahali utafiti ule ulipomwambia mgonjwa atupe vidonge. Hilo kocha aliliongeza mwenyewe.

Kwa hiyo pima nyumbani. Asubuhi, ukishakojoa, kabla ya kidonge, kabla ya chai au kahawa. Kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini usiikunje, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, uandike. Jioni fanya hivyohivyo. Daftari la wiki moja ndilo la kumpelekea daktari, na yeye ndiye wa kusema kidonge kipunguzwe au kibaki. Kama vinakuchosha mwambie, zipo dawa nyingi, anaweza kukubadilishia. Mimi miguu yangu iliacha kuvimba baada ya kubadilishiwa, jambo ambalo ningelipata bure kwa kuuliza tu. Na muulize kuhusu sauna yenyewe, maana dawa nyingine ukichanganya na lile joto unasimama ghafla unaanguka.

Mkuu, hukuandika unatumia dawa gani. Hilo linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu kuna aina, kama atenololi, ambazo ukikata ghafla moyo unaweza kuleta matatizo kabla hata ya kiharusi. Angalia pakiti, niandikie jina hapa leo hii, na upige simu kliniki yako uwaambie tangu Jumapili hujameza. Na ile mashine ya nyumbani, unayo au nikuelekeze pa kununua?