Supu na chapati zinavyoharibu majibu ya kolesteroli

Kipimo kamili cha mafuta kwenye damu hutoa majibu manne: kolesteroli jumla, HDL (kolesteroli nzuri), LDL (kolesteroli mbaya, inayoziba mishipa) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu). Mlo hauzigusi sana mbili za kwanza. Trigliseridi ndiyo hupanda, na inapopanda huivuruga LDL, ambayo ndiyo daktari huitazama kwanza.

Sababu ni kwamba maabara nyingi haziipimi LDL yenyewe, huikokotoa. Kwa mmol/L (milimoli kwa lita, kizio cha majibu haya), huchukua kolesteroli jumla, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Tuseme jumla ni 5.6, HDL 1.1 na trigliseridi 1.1. LDL itatoka 4.0. Sasa mtu huyohuyo apitie supu na chapati mbili, atolewe damu masaa matatu baadaye trigliseridi ikiwa imefika 2.2: LDL itasoma 3.5. Anarudi nyumbani ametulia kumbe hali ni ileile. Trigliseridi ikizidi 4.5, hesabu hiyo haifai tena. Omba LDL ipimwe moja kwa moja. Trigliseridi ikiwa juu sana huonekana hata kwa macho: damu ikishazungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu hutoka meupe kama tui badala ya manjano.

Siku hizi madaktari wengi hawadai ufunge kwa kipimo cha kwanza. Ukiambiwa ufunge, ni masaa 9 hadi 12. Kula saa mbili usiku, fika maabara saa mbili asubuhi. Chai ya rangi yenye sukari, juisi, hata maziwa kijiko kimoja, vyote ni chakula. Maji matupu kunywa, tena ya kutosha, mshipa upatikane kirahisi. Pombe iache angalau siku nzima kabla. Mwezi wa Ramadhani, aliyekula daku saa kumi na moja alfajiri hutimiza masaa 9 saa nane mchana.

Usijinyime vyakula wiki nzima ili majibu yapendeze. Kula ulivyozoea, maana tunataka kujua damu yako ya kila siku. Dawa nazo usiache bila kuambiwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aulize kwanza namna ya kufunga, kwa sababu sukari kushuka ghafla ni hatari kuliko kipimo chenyewe.

Pale maabara, kaa dakika kumi kabla ya kutolewa damu. Mpira unaofungwa mkononi ili mshipa uonekane ukikaa zaidi ya dakika moja, damu hujikusanya na namba hupanda.

Ukiwa na nimonia, malaria kali au umetoka kufanyiwa upasuaji, ahirisha. Ugonjwa mkali hushusha kolesteroli kwa muda, na karatasi itaonyesha nafuu isiyokuwepo. Subiri wiki kadhaa baada ya kupona, ndipo upime.