Ukiwa Nottingham, usiondoke bila kufika Southwell na Newstead

Mkuu, umesema una mafunzo ya wiki tatu Nottingham, Uingereza, wikiendi mbili uko huru, na kila unayemuuliza anakutajia London tu. Mimi nilisoma huko miaka miwili. Nenda Southwell.

Ni mji mdogo, kilomita 22 hivi kutoka Nottingham, na hauna stesheni ya treni, hivyo utapanda basi. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa mwaka 1108. Wengi huingia, wakapiga picha za nguzo nene za ukumbini, wakatoka. Wewe fuata ujia wa upande wa kaskazini mpaka chumba cha pembe nane, ambako mapadri walikuwa wakifanyia vikao vyao. Mafundi wa mwishoni mwa karne ya 13 wamechonga humo majani ya mwituni kwao: mwaloni na kokwa zake, mzabibu, mchongoma. Jani limejikunja kabisa, na nyuma yake jiwe limechimbwa mpaka kivuli kinapita chini. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, milango ya nakshi nimeizoea tangu utotoni, lakini pale nilikaa karibu saa nzima shingo ikiniuma.

Ukitoka, tembea hadi nyumba ya maskini ya mwaka 1824, nje kidogo ya mji. Aliyeishiwa kabisa alipewa chakula na malazi humo, ila mume aliwekwa kwake, mke kwake, watoto kwao, na kila kundi lilikuwa na ua wake wenye ukuta. Mama mmoja anayejitolea pale alinisimamisha kwenye ua wa wanawake, akaniambia nitazame juu. Mbingu tu. Tukinyooshewa vidole kuhusu umaskini, tukumbuke kwamba Waingereza nao wamepita huko.

Tufaha la Bramley, lile chachu la kupikia, asili yake ni Southwell. Mbegu ilipandwa na binti mmoja mwaka 1809. Kula pai yake ikiwa ya moto. Mji wa Newark uko jirani, na ngome aliyofia Mfalme John wa Uingereza mwaka 1216 bado ina ukuta wake mtoni, ila nusu siku inatosha.

Wikiendi ya pili iweke kwa Newstead Abbey, kaskazini ya Nottingham. Wenyeji watakusimulia habari za mshairi Byron, maana ilikuwa nyumba yake. Sisi tuna lingine. David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, alikaa hapo 1864 hadi 1865 akiandika kitabu. Alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi, watumishi wake wa safarini, na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, ukalazwa kanisani pale ambapo mnara wake tunauita wa Livingstone mpaka leo. Mazishi yalifanyika London Aprili 1874, na wao wawili walifika Uingereza yakiwa yamekwisha. Ndipo wakakaribishwa Newstead, wakapigwa picha pamoja na watoto wa marehemu.

Nimeupita mnara ule maisha yangu yote nikienda shule. Kusimama kwenye nyasi za Newstead, nikijua walifika mpaka pale, kulinitoa machozi.

Angalia ratiba kwanza, nyumba haifunguliwi kila siku. Basi litakushusha getini barabara kuu, na kutoka hapo ni kama kilomita moja na nusu chini ya miti, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea na ubebe koti la mvua.